Gari la Saba

Lilikuja usiku ndani ya lori lililofungwa turubai,
kama maiti ya mtu mashuhuri.
Halina jina bado. Limevikwa mistari myeusi na myeupe
jicho lisijue bega linaanzia wapi, kiuno kinaishia wapi.
Sisi tunaliita Saba,
kwa kuwa sita yaliyotangulia tuliyavunja.

Kazi yangu ndiyo hiyo: kuvunja
kabla mwenye pesa hajavunja.
Asubuhi ni digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
ziwa limeganda unene wa mkono mzima,
nami Isak Fjällborg, mwana wa mchana mbao,
nimekalia ngozi ya ndama laini kuliko shavu langu,
nazungusha duara juu ya maji yaliyolala.

Daftari la Ekkehard, mhandisi kutoka kusini,
mwandiko mdogo kama chawa:
Jumatatu, hita inapuliza baridi magotini.
Jumanne, dirisha la kulia limeshuka, limekataa kupanda;
tumeliziba kwa sweta ya Isak.
Alhamisi, gia ya nne inasitasita
kama mkwe mbele ya sahani.
Jumatano hakuandika. Jumatano tulilala mtaroni
mpaka trekta likaja kutuvuta.

Hayo yote yana dawa. Spana, mpira mpya, matusi kidogo.
Lakini kuna ule mlio.
Ukifika themanini na tatu kwa saa, si themanini na mbili,
unaanza: ko. Kimya. Ko, ko.
Kama mtu anayebisha mlango
wa nyumba anayodaiwa kodi.

Tulifungua dashibodi. Tulifungua milango mpaka mifupa.
Tukatoa tairi la akiba, jeki, sarafu za mifukoni;
Ekkehard akavua pete ya ndoa, akaificha kwenye soksi.
Ko.

Kisha mkubwa akaja kwa ndege,
Bwana Wedekind na koti lake refu.
Siku hiyo jua lilitoka, baridi ikalegea, digrii tisa tu.
Akaketi mbele, kando yangu. Themanini na tatu. Tisini. Mia.
Gari likanyamaza kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.
"Mnasikia majini," alisema, akacheka,
akarudi kwenye joto lake.
Jioni baridi ikakaza tena. Ko.

Ijumaa, saa tisa alasiri, giza tayari,
Gudrun, mpishi wa nyumba ya wageni, aliachwa na basi
akiwa na ndoo ya viazi na mguu mbaya.
Kanuni hairuhusu. Ekkehard akatazama pembeni.
Akaingia nyuma, kushoto, viazi mapajani;
hakusifu ngozi, hakugusa mbao.
Kilomita ya tatu akasema,
"Kuna kitu kinanigonga hapa," akashika nyonga,
"hapa hasa. Nyie hamkisikii?"

Tukatazamana.
Wiki tano, kilomita elfu kumi na moja,
gari la bwana mwenye dereva, bwana aketiye nyuma,
na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi nyuma.

Boliti moja tu, juu ya shokapu ya kushoto.
Ilikazwa karakanani, watu wakiwa na mashati mepesi;
huku baridi ikaifinya, ikapata nafasi ya kuhema,
unene wa ukucha.
Ekkehard aliikaza amelala chali, tochi mdomoni.
Robo ya mzunguko. Basi.

Kwenye ripoti, penye neno "aliyegundua",
aliandika jina lake, akalikata,
akaandika: abiria, na viazi.

Saba lilipondwa mwezi wa tano, kama kanuni isemavyo,
ngozi, mbao, boliti na yote.
Siku hizi mjini huwaona wadogo zake wakipita,
wana majina sasa, wanang'aa.
Nyuma, kushoto, ameketi mtu na simu yake.
Hasikii kitu.